Adui wa Mshahara: Muuaji wa Kukodiwa, Askari, Mwindaji au Karani wa Mizani?

Katika kibanda cha video cha mtaani kwetu, Mtwara mjini, filamu ilikuwa na pande mbili tu: steringi na adui. Waliobaki wote tuliwaita watu wa adui. Steringi aliwapukutisha kama maembe yaliyoiva, wakaanguka kutoka ghorofani, wakagongwa na magari, na hakuna mtoto hata mmoja kwenye mabenchi yale aliyeuliza yule aliyeanguka alikuwa analipwa shilingi ngapi kwa mwezi, wala nani atakwenda kumwambia mkewe.

Mimi swali hilo nimelipata ukubwani, na limenijia kwa sababu ya kazi. Kikundi chetu cha maigizo, vijana kumi na wawili tunaofanya mazoezi Jumapili alasiri chini ya mwembe, kinaandaa igizo la saa moja kuhusu msimu wa korosho. Kisa tumekubaliana: mama mjane, magunia yake, na fedha ambazo hazikufika zote. Adui ndiye aliyetugawa. Wote wanataka asiwe bosi, awe mtu wa kutumwa tu, mtu anayetenda ubaya kama wengine wanavyopiga lipu au kuendesha bodaboda. Ila watu wa kutumwa wako wa aina nyingi, na kila kijana alikuja na wake. Nimekaa nao wote wiki mbili, nikawaweka bega kwa bega, na hapa naandika nilichokiona, kwa ajili ya vijana wangu na kwa yeyote anayeandika igizo, mchezo wa redio au filamu fupi akiwa amekwama mahali hapohapo.

Nani anahesabiwa

Adui wa mshahara hamchukii anayemuumiza. Hana ndoto ya kutawala. Ukimkuta jioni anacheza bao na wenzake huwezi kumtofautisha na fundi baiskeli. Mimi humpima kwa swali moja: kesho akipewa kazi nyingine yenye ujira uleule, ataiacha hii? Akiiacha bila kugeuka nyuma, ni wa kundi hili. Akisita, kuna kitu kingine ndani yake.

Ndiyo maana simhesabu Javert, yule mkaguzi wa polisi katika riwaya ya Victor Hugo ya mwaka 1862, *Les Misérables*. Analipwa na serikali, ni kweli, na anamwandama mtu mmoja miaka na miaka. Lakini anaiamini sheria kama mtu anavyoiamini dini, na siku imani hiyo ilipopasuka alijitupa katika mto Seine. Anayefanya kwa ajili ya ujira hafi kwa ajili ya kazi. Vilevile bosi simhesabu, hata akisema anafanya biashara tu. Kula faida ni jambo moja na kula ujira ni jingine, na igizo linalowachanganya wawili hao huishia kumsamehe asiyestahili.

Muuaji wa kukodiwa

Huyu ndiye chaguo la kwanza la vijana, na naelewa kwa nini. Anaingia jukwaani bila maelezo na watu wananyamaza. Hahitaji historia. Hata jina hahitaji: Shakespeare, aliyewatumia zaidi ya mara moja, aliwaandika Muuaji wa Kwanza na Muuaji wa Pili, kama kwamba kazi imekwisha kuyala majina yao.

Tazama alivyowatumia kwa namna mbili zisizofanana. Katika *Macbeth*, ambayo S. S. Mushi aliileta kwa Kiswahili mwaka 1968, mfalme Macbeth anapotaka rafiki yake Banquo auawe hawaahidi watu wake malipo tu. Anawaweka chini, anawaaminisha kwamba shida zote walizozipata maishani zilitoka kwa Banquo. Anawapa chuki kwanza, kazi baadaye. Macbeth anajua kwamba mtu mwenye chuki hana haja ya kusukumwa.

Katika *Richard III* chuki haipo. Watu wawili wanatumwa na Gloucester, ambaye ndiye Richard mwenyewe, kumuua kaka yake Clarence, aliyefungwa katika Mnara wa London, na wanamkuta amelala. Yule wa pili anaingiwa na hofu ya hukumu ya Mungu, anaomba asubiriwe kidogo huenda ikapita. Mwenzake anamkumbusha ujira. Papo hapo anasema alikuwa ameusahau, basi na afe. Akiulizwa dhamiri yake iko wapi sasa, anajibu kwamba imo katika mfuko wa fedha wa Gloucester. Clarence akiamka anawasihi waende kwa ndugu yake huyohuyo, atawalipa vizuri zaidi wakimwacha hai, na wao ndio wanaomfunulia kwamba aliyewatuma ni yeye. Kazi ikiisha, muuaji wa pili anakataa fedha zake na kumwachia mwenzake zote. Lakini Clarence ameshakufa.

Kurasa hizo chache zimenifundisha mengi kuliko filamu zote za kibandani. Kinachomwonyesha mtu wa mshahara si kisu, ni kule kusahau na kukumbushwa ujira. Kijana anayetaka kumwandika muuaji wa kukodiwa aichukue hesabu ile, aziache bastola.

Hata hivyo naona tatizo kwa watazamaji wetu. Mama wa Nanyamba au wa Kitangari hajawahi kumwona muuaji wa kukodiwa, na anayemwona jukwaani anamjua kutoka kwenye filamu. Atamwogopa kwa dakika kumi kisha atarudi nyumbani salama, kwa sababu kwake huyo ni mtu wa mbali kama theluji. Watoto nao humpenda. Nimeliona hilo kwa macho yangu baada ya igizo letu la miaka ya nyuma: kesho yake walikuwa wanacheza muuaji, wamevaa mashati ya baba zao hadi magotini, na hakuna aliyetaka kuwa aliyeuawa.

Mchague huyu ikiwa igizo lako ni la usiku mmoja, lina watu wanne, na unataka hofu. Zaidi ya hapo hakufai.

Askari wa amri

Kwa mtu wa Lindi, hasa wa Kilwa, askari wa amri si wa filamu. Vita vya Maji Maji vilianzia Umatumbi mwezi Julai 1905, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, na viliendelea hadi 1907. Mkono ulioshika kiboko mashambani mara nyingi haukuwa wa Mjerumani. Ulikuwa wa mtu mweusi anayelipwa. Kikosi cha kwanza cha askari wa Kijerumani, mwaka 1889, kiliandikishwa kwa sehemu kubwa kutoka Sudan na kusini ya Msumbiji, watu waliovuka bahari kuja kupokea ujira katika nchi wasiyoijua. Hawakuwa na kisasi na Wamatumbi. Walikuwa kazini.

Mhusika wa namna hii ana uzito mkubwa, na ukimwandika utajikuta unalinganishwa na Ebrahim Hussein, aliyeandika tamthilia ya vita hivyo, *Kinjeketile*, mwaka 1969. Hilo lisikutishe. Linalonitia wasiwasi mimi ni jingine: askari akikataa, anapigwa, anafungwa, au anauawa. Kadiri amri inavyozidi kuwa kali, ndivyo ubaya unavyomtoka mtendaji na kumwendea mtoa amri, na adui wako anaanza kufanana na mateka. Ukitaka hadithi kuhusu utawala, hiyo ni nguvu. Ukitaka hadithi kuhusu mtu, ni udhaifu.

Halafu askari mmoja jukwaani haaminiki, wanahitajika wengi, na wakiwa wengi hawana sura. Kama huna budi, mtoe mmoja kwenye mstari, mpe barua ya kutoka kwao na mshahara uliochelewa. Na kwa vikundi vidogo neno moja la vitendo: msivae sare za jeshi. Raia kuvaa sare za jeshi hapa kwetu ni kosa kisheria, hata kwa nia njema. Kaki isiyo na alama na kofia nyekundu ya tarabushi vinatosha kabisa kwa askari wa 1905.

Kabla sijamwacha, kumbuka alikuwapo na akida. Huyu hakuvaa sare. Alijua kusoma na kuandika, aliwekwa na Wajerumani juu ya vijiji ambavyo mara nyingi havikuwa vya kwao, akaandika nani amelipa kodi na nani hajalipa. Silaha yake ilikuwa daftari. Nitarudi kwake.

Mwindaji, na yule wa zamu

Hawa wawili nawapitia haraka kwa kuwa kila mmoja anafaa kwa jambo moja tu.

Mwindaji ni yule wa hadithi ya Snow White ya ndugu wawili wa Kijerumani, Grimm, waliyoichapisha kwa mara ya kwanza mwaka 1812: malkia anamwamuru ampeleke binti mdogo msituni, amuue, na alete mapafu na ini kama ushahidi. Binti analia, mwindaji anamhurumia na kumwacha akimbie, kisha anamchoma ngiri mchanga na kupeleka nyama hiyo kwa malkia. Watu humpenda sana mhusika huyu, na vijana wangu wawili walimtetea hadi sauti zikapanda. Lakini hadithi yenyewe inasema jambo ambalo wengi hulisahau. Mwindaji alimwacha mtoto akiamini kwamba wanyama watamla muda si mrefu, ila moyoni aliona kama jiwe limemtoka kwa sababu si yeye atakayemuua. Hakukataa kazi. Aliipunguza mpaka ikamtosha. Ukimchagua, andika hilo jiwe, usiandike huruma peke yake, la sivyo watazamaji watampigia makofi mtu aliyemwacha mtoto porini.

Wa zamu ni mzuri kwa vichekesho. Katuni za Chuck Jones za Marekani zina mbwa mwitu na mbwa wa kulinda kondoo, waliotokea kwa mara ya kwanza mwaka 1953. Asubuhi wanafika kazini na vyakula vyao, wanasalimiana kwa majina, wanagonga kadi kwenye saa ya mahudhurio. King'ora kikilia, mmoja anaiba kondoo na mwingine anamponda. Kikilia tena jioni, wanaagana kama majirani. Kwetu ningewafanya mgambo wa soko na mama wa vitumbua wanaopanga nyumba moja Chikongola: asubuhi mgambo anamwaga beseni la mama, jioni anakuja kukopa sukari. Igizo la dakika ishirini, watoto wengi mbele, sauti za juu. Huwezi kumkosea. Lakini kicheko kina kazi yake ya siri, kwamba kinawafanya wote wawili wawe sawa, na vitumbua vilivyomwagika havilipwi na mtu. Kwa mama mjane wetu, hapana.

Karani wa mizani, na kijana wa kangomba

Hapa nitakaa.

Wasioijua korosho wanahitaji maelezo kidogo. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho za Mtwara zinauzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka korosho ghafi kwenye chama cha msingi, zinapimwa, zinaangaliwa daraja, anaandikiwa kilo zake, mzigo unakwenda ghala kuu, unasubiri mnada, na fedha zinakuja baadaye zikiwa zimekwisha kukatwa makato. Kati ya gunia kushuka begani na fedha kufika, kuna siku nyingi na mikono mingi, na mkono wa kwanza kabisa ni wa karani aliyekaa nyuma ya mzani. Anachoandika yeye ndicho kitakachokuwa kweli njia nzima.

Pembeni ya mfumo huo kuna kangomba. Mnunuzi wa kangomba haji msimu. Anakuja miezi ya ukata, mikorosho ikiwa inatoa maua, ada ya shule inadaiwa na salfa ya kupulizia mikorosho haijanunuliwa, na anatoa fedha leo kwa korosho za kesho, zikipimwa kwa kipimo chake mwenyewe na kwa bei yake. Mwezi Novemba 2018 serikali ilipotangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malori ya jeshi yakaingia Kusini kubeba, wakulima walihakikiwa mashamba kwanza kabla ya kulipwa, ili kuwabaini waliokuwa wamekusanya kwa njia hiyo. Watu wengi huku wanaukumbuka msimu ule kwa siku walizosubiri.

Tajiri wa kangomba ni bosi, hatumhitaji. Lakini ana vijana wanaozunguka vijijini kwa pikipiki na kipimo kwenye mfuko, wakilipwa kwa kila gunia wanalolileta. Mmoja wa vijana wangu alimtaka huyo awe adui wetu, na alikuwa na hoja nzito: aliyeibiwa anashukuru. Akajaribu kuigiza tukio hilo hapohapo chini ya mwembe, na binti anayecheza mjane akasema bila kuandikiwa, "Asante mwanangu, Mungu akuzidishie." Tulinyamaza wote. Ni kweli kabisa, ndivyo ilivyo, kwa kuwa siku ile ada inalipwa na mtoto anarudi darasani. Kijana huyu haoni ubaya wowote katika kazi yake. Anaona kwamba ameokoa watu.

Weka basi kijana wa kangomba upande huu na karani upande ule. Kijana anapita, karani anakaa. Kijana hamjui mjane hata jina, anajua mikorosho yake ni mingapi. Karani anajua mume wake alifariki lini, kwa kuwa alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Kijana anapunja kwa kipimo kinachoonekana, na aliyepunjwa amekubali kwa mdomo wake. Karani anapunja kwa neno, na neno lenyewe ni la kitaalamu na linasikika kama haki: unyaufu. Korosho hukauka na kupungua uzito, hilo ni kweli, na kwa sababu ni kweli linaweza kunyooshwa kidogo. Kilo mbili kwa unyaufu, kilo moja kwa gunia, nyingine kwa kuwa aliye juu yake amesema kila gunia litoe moja. Hakuna aliyepigwa. Hakuna aliyetukanwa. Themanini imekuwa sabini na sita, na foleni inasogea.

Akida wa 1905 angeitambua meza hiyo.

Nina sababu yangu ya kumng'ang'ania karani, nami nitaisema. Karani wa utotoni mwangu alikuwa jirani yetu. Ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, akinikimbilia nyuma ameshika tandiko. Msimu mmoja mama alipeleka magunia matatu ambayo alikuwa ameyapima mwenyewe kwa mzani wa kuazima, akarudi na karatasi yenye upungufu wa kilo kumi na moja. Jioni ileile jirani yule alifika kwetu kama kawaida yake, akaketi mkekani. Mama alimpakulia. Nilikuwa na miaka kumi na mbili na nilitetemeka kwa hasira, nikasubiri aondoke ndipo nikamuuliza mama kwa nini. Akasema, "Mwache ale. Ana watoto wanne wa dada yake." Hakuongeza neno, akaanza kuosha vyombo.

Maneno hayo wa Mtwara na Lindi atayaelewa zaidi ya mwingine. Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba kwetu ana mzigo: wapwa zake wakikosa chakula, jina lake ndilo linalotajwa. Wakienda jandoni au unyagoni, yeye ndiye anayetazamwa. Kwa hiyo mshahara wa karani, pamoja na zile kilo, una midomo inayousubiri, na midomo hiyo si ya kwake tu.

Hapo ndipo nilipopata igizo. Karani wetu si jirani wa mjane. Ni kaka yake. Watoto wa mjane ni wapwa zake, naye ndiye anayewanunulia sare na madaftari kila Januari. Anazitoa wapi fedha za sare? Kwenye kilo. Kilo za nani? Za foleni nzima, na siku ile foleni imemfikia dada yake mwenyewe, na macho ya aliye juu yake yako mezani, na kila gunia litoe moja. Anawaibia wapwa zake ili awalishe wapwa zake. Sijawahi kumwona muuaji wa kukodiwa mwenye hesabu ngumu kama hiyo.

"Mjomba," anamwita hivyo kwa mdomo wa wanawe, kama wanawake wengi wa kwetu wanavyowaita kaka zao, "gunia hili nimelipima nyumbani."

"Dada, mzani ndio unaosema."

"Na wewe husemi?"

Kuhusu namna ya kumcheza: asiwe mkali, asiwe mnene, asivae saa ya dhahabu. Mwigizaji wetu alianza kwa kukunja uso, nikamwomba akumbuke mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde. Juu kule Newala na Tandahimba lipiko likitoka, watu wanakimbia, watoto wanapiga mayowe, na chini ya ile sura ya mti yumo mtu wa kijiji ambaye jana alikuwa anaezeka paa. Wakubwa wanajua. Hakuna anayesema. Karani naye yuko hivyo kwenye meza yake, wote wanaijua kalamu ile inafanya nini na wote wanamsalimia. Basi mwigizaji acheze mtu anayejua kwamba anajulikana. Tangu siku hiyo ameacha kukunja uso, anawauliza wakulima habari za nyumbani huku anaandika, na sisi tunaotazama tunaumia.

Jukwaani gharama ni ndogo mno: meza, daftari kubwa, kalamu, mzani wa kuazima, na magunia yaliyojazwa makapi. Wakulima wa foleni unaweza kuwaita kutoka kwa watazamaji wenyewe. Wanajua wasimame vipi.

Kukataa kunagharimu nini

Vijana waliponitaka niseme kwa nini karani na si wengine, niliwaambia wamwulize kila mmoja swali hili: ukikataa leo, unapoteza nini?

Askari anapoteza uhai, au ngozi ya mgongo. Muuaji wa kukodiwa anapoteza malipo, na huenda bosi akamfuata, maana sasa anajua siri. Mwindaji alikuwa na woga kama huo kwa malkia, akatafuta njia ya katikati. Mbwa mwitu wa katuni hapotezi kitu, kesho atagonga kadi tena. Kijana wa kangomba anapoteza siku moja ya mafuta ya pikipiki. Karani anapoteza kazi ya msimu, miezi mitatu minne, kazi ambayo si ya maisha na ambayo mwakani huenda isirudi hata akiwa mtiifu. Anaweza kukataa asubuhi na jioni. Anaweza kukataa kwenye gunia moja tu, akaandika themanini, akasema mzani ulitikisika. Kati ya wote hawa wanaofanya kwa ujira, kukataa kwake ndiko kunakokaribia uwezo wa mtu wa kawaida, na ndiyo sababu hakai mbali na mtazamaji. Kwenye benchi la mbele ameketi mtu anayeandika mahudhurio ya vibarua, nyuma yake anayetoa namba za foleni hospitalini, pembeni anayepima mchele dukani. Hakuna kati yao atakayeombwa kumuua Clarence. Kupunguza kidogo, wataombwa wiki hii.

Ikiwa igizo lako litachezwa mbele ya watu wasioijua korosho, Arusha tuseme, usimbebe karani wetu mzimamzima. Mtafute wa huko, anayepima maziwa au mahindi, na uhakikishe kwamba kuna mtu anayemtegemea na mtu huyo anaonekana jukwaani. Karani asiye na wapwa ni mwizi wa kawaida, na mwizi wa kawaida ana maigizo yake.

Na ikiwa muda wako ni mfupi mno hata karani hatakua, chukua muuaji wa Shakespeare, nusu saa inamtosha. Ikiwa una kundi kubwa la wanafunzi na mwalimu wa historia wa kukusimamia, chukua askari wa 1905, umtoe mmoja mstarini kama nilivyosema. Kijana wa kangomba namweka akiba kwa igizo la mwakani. Lile "asante mwanangu" haliwezi kupotea hivihivi.

Mwisho wa igizo letu bado tunaushindania. Katika mwisho wa kwanza karani aliandika sabini na sita, dada akaondoka, taa ikazimwa, na vijana wakasema hiyo wanaijua tayari. Katika wa pili alirusha kalamu, akahutubia foleni, na mimi mwenyewe sikumwamini. Jumapili hii tunaujaribu wa tatu, uliopendekezwa na binti anayecheza mjane. Karani ameinama, anaandika kwa muda mrefu kuliko namba mbili zinavyohitaji. Kisha anaugeuza ukurasa wa daftari kumwelekea dada yake ili aone. Mjane hasomi. Anaitazama karatasi kidogo, halafu anamtazama kaka yake usoni.